Vidole vya Kaka Wambura Kwenye Midi

Kaka Wambura,

Umeme umekatika Kigera tangu saa nne asubuhi, kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu. Mwandiko wangu unaujua, utanivumilia. Hata umeme ungekuwepo, kompyuta nisingeiwasha. Naiogopa. Tangu nione nilichokiona mle ndani, nikishika kipanya nakiachia. Siku ulipofariki nilishtuka, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka, lakini kufa tunajua kupo. Hili la sasa sikujua kama linaweza kumpata mtu.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa hupendi mtu anayerukia kiitikio kabla ya ubeti.

Ni miezi mitano tangu tukuzike Butiama. Kwaya uliyokuwa unaipigia kinanda ipo. Wanaimba na mapigo ya kwenye flashi siku hizi. Mtu anabonyeza kitufe, ngoma zinaanza, na waimbaji wanazikimbiza mpaka mwisho wa wimbo ndipo wanapumua. Paroko anavumilia. Studio yangu bado iko palepale, na harusi za Musoma hazijaisha. Mimi nimenenepa kwa mawazo, mkeo Nyangeta amekonda kwa mawazo hayohayo.

Mwezi uliopita alinijia studio. Akakaa kwenye kiti chako, hakuuliza kama kina mtu. Akaniambia siku ya kukuwekea msalaba kaburini imepangwa, na anataka jambo moja tu. Hataki kwaya, hataki hotuba ndefu. Anataka watu wasikie mikono yako ikipiga ule wimbo wa Rukuba, ule ulioutunga baada ya injini ya mtumbwi kuzima katikati ya ziwa tukienda kuimba misa kisiwani. Sisi tulikuwa tunasali rozari kwa sauti. Wewe ulikuwa unagonga ubao wa mtumbwi kwa vidole, unatafuta mwendo wa wimbo.

"Picha ninazo, wifi Perpetua," alisema. "Nataka mikono yake."

Nikamjibu hilo dogo. Mdomo wangu huo unaufahamu. Alipoondoka ndipo nikakumbuka kwamba hukuwahi kukubali kuwekewa maiki, hata siku moja. Ulituachia midi peke yake.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nimetoka kwenye kozi Mwanza, najiona nimemaliza masomo yote ya muziki duniani, nakukuta unahangaika na midi. Nikakucheka mbele ya watu. Nikasema hiyo ni milio ya simu za zamani, zile zilizokuwa zinalia kama panya mfukoni. Nilikuita Mwalimu halafu nikakucheka, na wewe ulikataa lile la kwanza tu. Ulisema Butiama jina hilo lina mwenyewe, niite kaka inatosha.

Kisha ukanieleza, taratibu, kama mtu anayemenya muwa. Ukasema, "Midi haina sauti hata chembe, mdogo wangu. Ni karani tu." Karani amekaa chini ya kinanda na kalamu yake, anaandika: kidole kimegusa hapa, kimegusa kwa nguvu kiasi hiki, kimekaa muda huu, kimeondoka. Nguvu anaiandika kwa namba, kuanzia moja mpaka mia na ishirini na saba. Basi. Sauti ni ya huyo utakayempa hiyo barua aisome. Ukimpa punda, ulisema, utasikia punda, halafu utamlaumu karani.

Sikukuamini mpaka ile safari ya Bunda. Ulikuwa umekaa siku mbili kwa Mzee Mwita, yule mpiga litungu, ile ala ya nyuzi ya Kikurya, unarekodi litungu lake uzi mmoja mmoja. Uzi uleule kwa kidole gumba, kwa kucha, kwa upole, kwa hasira, mpaka mzee akauliza kama una akili timamu. Ukarudi studio ukaziweka sauti zote zile kwenye kompyuta, ukakaa kwenye kinanda ukapiga, na karani akaandika. Ulihakikisha hakuna miguso miwili ya uzi inayofanana, wala pumzi mbili. Tulipompelekea Mzee Mwita asikilize, aliinamisha kichwa, akauliza, "Huyu ni wa wapi? Anapiga kama sisi, ila ana haraka." Binti yake, Rhobi, alicheka mpaka akamwaga chai. Hukuwa umewahi kushika litungu maishani mwako.

Siku ile niliamini. Niliamini nusu, kusema kweli. Nilikubali kwamba midi inaweza kumdanganya hata mwenye ala yake, lakini sikukubali njia yako. Ugomvi wetu wote ulikuwa kwenye kitufe kimoja, kile cha kunyoosha. Unakibonyeza, noti zote zinajipanga kwenye mapigo kama wanafunzi paredi ya asubuhi, na nguvu zote zinalingana. Wateja wanakipenda. Nami nilikipenda. Wewe ulikichukia kama mtu anavyochukia nyoka ndani ya nyumba. Ulisema mtu halisi hagusi noti mbili sawasawa, na kwamba uhai wote wa midi umo mle mle kwenye kuchelewa na kuwahi na kulegea. Ulisema, "Ukininyoosha umenitoa humo ndani." Tulibishana miaka mitatu, kaka, mpaka watu wakatuona kama redio mbili zinazofunguliwa pamoja.

Halafu siku moja ukanipa flashi na kusema, "Nyoosha tu, mdogo wangu. Unavyoona wewe."

Nilijisikia mfalme. Nilikwenda kujisifu hadi kwa wauza samaki pale mwaloni, kwamba kaka Wambura hatimaye ameona mwanga. Tangu hapo kila ulicholeta nilikinyoosha, hata vya zamani nikavirudia. Mkono wako wa kushoto ulikuwa umelegea sana, nikawa naupandisha noti kwa noti. Mahali uliporuka, nilijaza. Na nilikutania, Mungu anisamehe, nilikwambia, "Huu mkono wa kushoto una uvivu, upeleke Butiama ukachunge ng'ombe." Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Nikacheka na mimi.

Kosa langu jingine ni lile la watu wa studio ndogo. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo kila nilichonyoosha nilikihifadhi juu ya kile kilichopinda. Nilijiuliza nani atahitaji kilichopinda wakati kilichonyooka kipo.

Basi nikampigia wifi wimbo wa Rukuba. Nilimpa spika kubwa, nikampa na chai. Alisikiliza kama dakika moja, akaweka kikombe chini.

"Huyu sio Wambura," alisema. "Wambura alikuwaga anachelewa kidogo pale juu, kama mtu anayekumbuka kitu. Huyu hakumbuki kitu."

Akachukua mkoba wake akaenda. Chai ilibaki imejaa.

Kaka, nilikaa pale nikaelewa nilichofanya. Sauti yako ya kinanda haikuwa popote duniani isipokuwa kwenye mafaili yale, nami nimekupitishia pasi ukaisha wote. Nilikuwa nimeahidi kumpa mjane mikono ya mumewe, na mikono hiyo nimeifuta mwenyewe, kwa kujivuna, faili moja baada ya jingine. Nilipekua flashi zote. Nilipekua simu ya zamani. Nilifika mahali pa kupekua mifuko ya makoti yako aliyonipa wifi nikagawe.

Kisha nikakumbuka kinanda chenyewe. Ulipoanguka kwenye ngazi za kanisa ile Kwaresima, tukajua unaumwa, na mikono ikakataa kabisa, ulisema kinanda kisikae kikila vumbi, kipelekwe Bunda kwa Rhobi, akipigie kwaya ya kigango chao. Na wewe ulikuwa na desturi ya kurekodi kwanza kwenye kinanda nyumbani, ndipo unakili kwenye flashi uniletee.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Bunda. Rhobi alinipeleka sakristia, akatoa khanga iliyokifunika. Nikamuuliza kama kuna kitu amefuta. Akasema, "Dada, kila nikikiwasha kinaniambiaga kimejaa. Ningejua kufuta ningekuwa nimefuta kitambo." Nikakiwasha mwenyewe. Yalikuwepo yote, mafaili kumi na saba. Na hukuyaandika kwa namba kama watu wengine, uliyaita kwa sikukuu zilizokuwa zinakuja: Pasaka, Pentekoste, Noeli, Majivu, Pasaka Mbili, hivyo hivyo kwa miaka yote. La mwisho kabisa liliitwa Rukuba. Nilimkumbatia Rhobi mpaka akaogopa.

Niliyanakili kwenye flashi, nikarudi Musoma mchana uleule. Nikafungua Rukuba, nikachagua piano nzuri kuliko zote nilizonazo kwenye kompyuta ilisome, nikabonyeza.

Ukaingia ndani, kaka.

Sijui niseme vipi. Nilitazama mlango. Ulichelewa pale juu, palepale aliposema wifi, ukakaa kidogo, ukashuka. Ukaminya noti ya tatu kuliko ya pili, kama ulivyokuwa unatembea, hatua moja nzito kuliko nyingine. Midi niliyoita mlio wa panya ilikuwa imekuweka mzima, na mimi mwenye maiki za bei nisingekuweka hivyo. Nililia, kisha nikacheka peke yangu, maana ubishi wa miaka mitatu ulikuwa umeushinda ukiwa kaburini.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini mtu wa studio haachi kuangalia namba. Nikataka kuona umefanyaje, ili nijifunze. Nikafungua la kwanza, Pasaka, nikaangalia nguvu za vidole. Mkono wa kushoto ulikuwa unagusa kwa themanini, themanini na tano, tisini. Ng'ombe dume. Nikaenda la pili na la tatu. Nilipofika Noeli ya tatu nikaona kidole kidogo cha kushoto kimeshuka hadi sitini, wakati vingine viko palepale. Nikasema labda baridi. Majivu, arobaini na tano, na cha pete kimeanza kumfuata mwenzake. Pasaka iliyofuata, thelathini. Pentekoste, kidole cha pete kimekosa noti kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo nikaona jambo lililonisimamisha kwenye kiti: noti za vidole vile viwili zimeanza kuhamia mkono wa kulia. Ulikuwa unazipanga upya. Kila sikukuu iliyofuata, mkono wa kulia umebeba moja zaidi.

Uliijua hali yako, kaka. Mwaka mmoja na nusu kabla ya zile ngazi, ulikuwa unajua, na ulikuwa unaficha kwa ufundi ule ule wa kupanga muziki.

Na flashi uliyonipa ukisema nyoosha tu ilikuwa ya Pentekoste hiyohiyo, kidole kilipokosa noti.

Hukuona mwanga wowote. Sikushinda ubishi. Ulikuwa unanipa ugonjwa wako nikuondolee mbele za watu, na mimi nikadhani nimefundisha mtu. Picha ya eksirei ililetwa mezani kwangu kila sikukuu, nami nikaipaka rangi ipendeze. Daktari alisema ugonjwa huu wa mishipa ya fahamu hauna dawa, hata ungejulikana mapema. Nimelirudia neno hilo mara nyingi kama panado, na halitulizi.

Tangu hapo kila kitu kinanirudia. Ulipoacha mashati ya vifungo ukaanza kuvaa fulana, nikakuuliza kama umepata mchumba. Sahani ya sato iliyokuponyoka pale ufukweni, nikakwambia samaki amekumbuka kwao. Ulikuwa unashika kikombe kwa mkono wa kulia halafu unahamisha salamu kushoto, unapunga badala ya kushika. Yote nilikuwa nayaangalia. Macho nilikuwa nayo, kaka.

Nilikwenda kwa wifi nikamwambia kila kitu. Nilidhani atapiga yowe, nikajiandaa kumshika. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua dagaa, akasema yeye ndiye aliyekuwa anakufunga vifungo asubuhi mpaka mkaamua bora fulana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hapo akaacha dagaa.

"Alinikataza. Alisema, Perpetua akijua atanionea huruma. Alisema, yule ndiye mtu amebaki ananigombezaga. Kule studio nakuwaga mzima."

Nilikaa chini, kwenye sakafu yenyewe. Wifi akanisogezea ungo, tukachambua sote wawili mpaka dagaa wakaisha.

Sasa sijui nishike lipi. Siku moja najiona niliyekudhihaki ukiwa mgonjwa. Siku nyingine naona nilikuwa nakupa kitu ulichokuwa unapanda kilima hadi studio kukifuata, na ningejua unaumwa ningekunyima. Sijapata jibu, na nakuomba usinicheke.

Jumamosi iliyopita tuliweka msalaba. Umeandikwa vizuri, jina lako halikukosewa. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, watu wa Butiama wakajaa mpaka nyuma ya zizi, na ndugu zangu wa kwaya wakaja kutoka Musoma na sare. Rhobi alikuja na baba yake. Nilileta spika mbili na jenereta. Nilikuwa nimebishana na moyo wangu wiki nzima nipige faili lipi, maana yapo ya zamani ambayo mkono ni mzima, na kila mtu angefurahi. Nilipiga la mwisho. Rukuba, kama lilivyotoka kwenye kinanda, na mapengo yake yote, bila kugusa kitu.

Shangazi yako aliyekuwa anajipepea aliacha kujipepea. Wanaume waliokuwa wanagawana vinywaji walisimama na chupa mikononi. Ulipofika pale juu ukachelewa, wifi alifumba macho akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeitikiwa hodi. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Mwita aliniita pembeni akaniuliza, "Hii mlimrekodi lini?" Ningemwambiaje kwamba hatukurekodi kamwe, kwamba sauti yako haipo, kwamba alichosikia ni piano ya watu wa mbali ikisoma maandishi ya karani? Nikasema, "Zamani kidogo, baba." Akakubali.

Kaka, umeme umerudi, nasikia friji la jirani. Nafunga barua. Wifi nitamtazama, hilo usiwaze. Nimemwambia Rhobi aje Musoma kila mwezi nimfundishe kuacha ile midundo ya kitufe, apige kwa mikono yake na makosa yake. Wateja wakitaka kunyooshwa nitawanyoosha, ndio kula yangu, lakini kilichopinda nitakihifadhi pembeni, cha kila mtu, hata cha wale wasiojua kupiga. Nenda salama. Lala vizuri kwenu.

Limebaki moja ambalo sijamwambia mtu, hata wifi. Kwenye ubeti wa mwisho wa Rukuba kuna noti tatu za mkono wa kushoto ambazo karani ameziandikia nguvu ya moja. Moja, kaka, ile namba ya chini kabisa. Hakuna spika inayoweza kuzitoa, na maiki isingezisikia. Studio tunaziita takataka, tunadhani ni kidole kimepita juu ya kinanda kwa bahati mbaya, na miaka yote hiyo nimekuwa nazifagia bila kuziangalia. Lakini hizi ziko mahali pake. Ni noti zenyewe, kwenye pigo lenyewe, moja, mbili, tatu. Watu wa Butiama hawakuzisikia, na pengine hata wewe hukuzisikia. Nakuahidi sitazifuta, wala sitazipandisha ili zisikike. Nitaziacha kwenye moja, ulipozifikisha wewe.

Mdogo wako,
Perpetua